Nani Alimfundisha Mtoto Kunyamaza?

Utamaduni wa taifa unapojadiliwa, hutajwa ngoma, mavazi, vyakula, uchongaji na ufasaha wa lugha. Ni nadra kutajwa jambo moja ambalo mambo hayo yote hulipitia kabla ya kumfikia mrithi wake, nalo ni mazungumzo baina ya mtu mzima na mtoto mdogo. Labda sababu ni kwamba jambo lenyewe halionekani. Ngoma huchezwa uwanjani mbele ya wageni, na kinyago huwekwa katika jumba la makumbusho, lakini maneno anayoambiwa mtoto wa miaka 5, na maneno anayojibu, hupotea hewani mara tu yanaposemwa. Makala hii yashughulikia maneno hayo, hasa yale yanayosemwa, au yanayokosa kusemwa, katika madarasa yetu ya elimu ya awali. Nasema waziwazi tangu mwanzo kwamba mengi ya madarasa hayo nchini Tanzania yanawafundisha watoto kunyamaza, kwamba kunyamaza huko si mila yetu, na kwamba wale wanaokutetea kwa jina la mila wanaisingizia mila.

Niruhusiwe kuanza na jambo nililolishuhudia. Asubuhi moja nilikaa nyuma ya darasa la awali katika shule moja ya kijijini. Watoto walikuwa zaidi ya 80, wachache wakiwa juu ya madawati na walio wengi wakiwa sakafuni. Mwalimu alikuwa mama mwenye bidii, ambaye sauti yake ilikwisha kukauka kabla ya saa tatu. Somo lilikuwa namba 2. Aliiandika ubaoni, akaigusa kwa fimbo, akasema "mbili", nao wakaitikia "mbili". Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu. Katikati ya kelele ile mtoto mmoja wa kike aliinuka, akasogea mpaka karibu na mwalimu, akasema kwa furaha: "Mwalimu, mbuzi wetu kazaa. Kazaa wawili." Mwalimu akamtazama. "Nimekuuliza habari za mbuzi? Kaa chini." Mtoto akarudi mahali pake, wenzake wakamcheka, na darasa likaendelea kuimba mbili.

Mwalimu yule hakuwa mkatili. Baadaye nilimwona akimfuta kamasi mtoto mwingine kwa upindo wa kanga yake. Lakini hakutambua kwamba mtoto alikuwa amemletea somo mlangoni. Katika watoto wale 80 alikuwapo mmoja aliyeijua mbili kwa macho yake, aliyeiona ikizaliwa usiku, ikilambwa na mama yake, ikisimama kwa kutetemeka. Laiti mwalimu angalisema: "Wawili! Wote wazima? Wana rangi gani? Nani alianza kunyonya?" Kisha angaliweza kuuliza mama yao ana chuchu ngapi. Mbuzi ana chuchu mbili, na kwa hiyo kila mwana anayo yake. "Na kama wangalizaliwa watatu, ingekuwaje?" Hapo darasa zima lingaliingia katika hesabu ambayo ubao ule haukuweza kuifundisha, na kila mtoto mwenye mbuzi, kuku au mdogo wake nyumbani angalikuwa na neno la kuchangia. Badala yake mtoto alijifunza jambo moja ambalo halikuandikwa katika andalio la somo: kwamba yaliyo nyumbani kwao hayana nafasi shuleni, na kwamba swali ni mali ya mwalimu.

Tangu zamani madarasa haya yamekuwa na majina mengi. Wengine huyaita chekechea, na wengine, kwa mzaha uliozoeleka mno, huyaita madarasa ya "vidudu". Najua kwamba hakuna mzazi atumiaye neno hilo kwa chuki. Hata hivyo nashawishika kuamini kwamba jina limesaidia kujenga fikra, maana kidudu hakihojiwi wala hakisimulii. Kidudu huchungwa kisitoke nje, basi.

Sasa tuwasikilize watetezi wa ukimya. Wa kwanza husema hivi: katika jamii zetu za Kiafrika mtoto hakuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa, adabu ilikuwa ni kusikiliza, kumzoesha mtoto kuzungumza na mwalimu wake kana kwamba ni rika lake ni kuiga mambo ya Ulaya. Hoja hii husemwa kwa sauti ya kujiamini, na mara nyingi husemwa na watu wenye elimu. Ina chembe ya ukweli ndani yake, kwa kuwa ni kweli mtoto hakuruhusiwa kudakiza mazungumzo ya wazee, na ni kweli kwamba yako mambo ya barazani yasiyomhusu. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mtoto hakuwa na mahali pa kuzungumza na mtu mzima, ni kuruka mto usiorukika.

Tuanze na kitendawili. Yeye atoaye husema "Kitendawili!" na wenzake humjibu "Tega!" Pasipo jibu hilo kitendawili hakitegwi, yaani mwenye kufundisha huomba kwanza idhini ya mwenye kufundishwa. Kisha watoto hujaribu, mmoja baada ya mwingine, na kila jaribio hupokewa na kupimwa mbele ya wote. Wakishindwa huambiwa watoe mji, nao hutoa, na mtegaji aliyepewa mji huranda nao kwa majivuno, akieleza aliyoyaona huko, ndipo awape jibu. Na tuzingatie kwamba mtoto naye ana haki ya kumtegea mzee. Mzee akishindwa, mzee ndiye atoaye mji. Ni darasa gani la leo ambamo mwalimu amewahi kumpa mtoto mji?

Au tuchukue hadithi. Msimulizi wa pwani husema "Paukwa!" naye hangoji kupigiwa makofi, bali hungoja "Pakawa!" Hadithi ikiwa na wimbo, wimbo ni wa wote. Bibi akikosea mpangilio wa matukio, wajukuu humsahihisha, kwa sababu wameisikia hadithi hiyo mara 20 na hawakubali sungura apite njia nyingine. Bibi hachukii. Pengine alikosea kwa makusudi.

Aidha tusisahau utani. Katika makabila mengi ya nchi hii babu na bibi ni watani wa wajukuu zao. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", akamlalamikia kwamba hajampikia. Mjukuu naye humjibu kwamba hapiki kwa mume asiye na meno. Hayo ni mazungumzo ya kujibizana hasa, yenye mzaha, vijembe na akili ya haraka, na mtoto wa miaka 5 huyaweza. Baba na mama walikuwa na ukali wao, lakini jamii ilijua kwamba ukali peke yake haumlei mtoto, ikamwekea mtu mzima mwingine ambaye mbele yake ulimi ulikuwa huru. Wazee wetu walikwisha kuligawa jambo hili kwa busara ambayo sisi tumeipoteza: tumechukua ukali wa baba tukaupeleka shuleni, na utani wa babu tukauacha nyumbani.

Hata salamu, ambayo ndiyo kielelezo cha adabu yenyewe, ni mazungumzo. Mtoto akimwamkia mzee "Shikamoo", hujibiwa "Marahaba", kisha huulizwa hali yake, ametoka wapi, mama hajambo, yule mdogo wake amepona kikohozi. Mtoto hujibu. Katika dakika moja amehesabiwa kuwa mtu, mwenye jamaa na mwenye habari. Sasa tazameni tulivyoigeuza salamu hiyo darasani. Watoto 80 husimama kwa pamoja wakapaaza "Shikamoo mwalimu", mwalimu akajibu "Marahaba, kaeni", na marahaba hiyo moja haikumfikia mtu yeyote.

Wako watakaosema kwamba kuitikia kwa pamoja kumetoka katika vyuo vya Kurani. Na hilo nalo si sahihi. Katika chuo cha pwani kila mtoto alikuwa na ubao wake, akaenda mbele ya mwalimu kwa zamu yake, akasoma peke yake, akarekebishwa peke yake, na hakuongezewa mpaka awe ameliweza lile alilopewa. Kulikuwa na fimbo, na kulikuwa na kukariri bila kufahamu maana. Sitaki kuyaficha hayo. Lakini mwalimu alimjua kila mtoto amefika wapi.

Basi ukimya huu ulitoka wapi? Sehemu yake kubwa ilitoka katika shule ya kikoloni, ambayo haja yake ilikuwa kupata makarani, wakalimani na watumishi wengine wa vyeo vya chini. Karani hakutakiwa kuuliza kwa nini barua imeandikwa; alitakiwa kuinakili bila kosa. Shule ya namna hiyo iliona ni sawa kabisa watoto wapangwe kwa mistari kama askari gwarideni, waitikie kwa sauti moja, na jibu sahihi liwe ni lile lile lililokwisha kusemwa na mwalimu. Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa Machi 1967, alikwisha kuikataa shule hiyo. Alipotaja mambo ambayo elimu ya Tanzania yapaswa kuyajenga katika raia, la kwanza lilikuwa ni akili yenye kudadisi. Hakusema kwamba udadisi huo uanze Kidato cha Tano.

Walakini tusimtwishe mkoloni mzigo wote, kwa kuwa alikwisha kuondoka mwaka 1961. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote wa nchi hii wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Ulikuwa uamuzi wa haki, na mamilioni ya watu wasingalijua kusoma lau usingalifanyika. Lakini madarasa yalifurika kabla walimu hawajatosha, wengi wa walimu hao walifunzwa kwa haraka kazini, na silaha iliyo rahisi kuliko zote mbele ya umati ni kuitikia kwa pamoja. Jambo hilo hilo limejirudia katika elimu ya awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, ile ya mwaka 2014 ikaifanya iwe ya lazima, na ada zilipofutwa kuanzia Januari 2016 watoto wakaja kwa wingi, kama ilivyopasa waje. Kipimo kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Kila anayetembelea shule zetu anajua kwamba ziko shule ambazo kipimo hicho ni ndoto, na kwamba darasa la watoto 100 si kioja tena. Njia ya dharura imekuwa desturi, na desturi sasa inaitwa mila.

Hapa nataka kuwakumbusha wasomaji, hasa vijana wa sekondari ambao hawakuziona siku hizo, kwamba taifa hili liliwahi kuamini mazungumzo kuliko pengine taifa lolote lililokuwa katika hali kama yake. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza radio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana: maji yetu yanatoka wapi, kwa nini watoto wanaharisha, tuchimbe choo wapi. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Viongozi wa vikundi walifundishwa wasihutubie, wawaachie wanakikundi waseme. Paulo Freire wa Brazili, aliyepinga elimu ya kumjaza mwanafunzi maneno kama mtu awekaye fedha benki, alifika nchini mwetu katika miaka hiyo ya 1970 na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Tulikubaliana naye. Tulisema kwamba mkulima asiyejua kusoma si mtungi mtupu, kwamba anayo maarifa, na kwamba atajifunza akizungumza. Mtoto wake tulimsahau. Mkulima aliyerudi jioni kutoka katika kikundi alikoombwa maoni yake, alimkuta mwanawe ametoka katika darasa ambalo halikumwomba neno lolote. Sijapata kusikia maelezo ya kuridhisha kuhusu tofauti hiyo.

Mtetezi wa pili wa ukimya huja na hoja ya kitaalamu. Husema kwamba watoto wa kimaskini, hasa wa vijijini, hawana lugha: ukiwauliza hawajibu, ukiwatazama huinamisha kichwa; kwa hiyo yafaa kwanza wajazwe msamiati, mazungumzo yatakuja baadaye. Hoja hii ilikwisha kupimwa mbali na hapa, nami naitaja kwa sababu matokeo yake yatufaa. Mwaka 1984 Barbara Tizard na Martin Hughes walichapisha kitabu kuhusu watoto wa kike 30 wa Uingereza, wenye umri usiotimia miaka 4, nusu yao wakiwa ni watoto wa wafanyakazi na nusu wa tabaka la kati. Walinasa maneno ya kila mtoto akiwa shule ya vidudu asubuhi, na akiwa nyumbani na mama yake alasiri. Walikuta kwamba nyumbani, katika tabaka zote mbili, mazungumzo yalikuwa mengi na marefu zaidi, na watoto waliuliza maswali kwa wingi. Mbele ya walimu waliuliza machache mno, wakajibu kwa neno moja moja. Mtoto ambaye mwalimu alimdhania hana lugha alikuwa akimhoji mama yake jikoni bila kuchoka.

Huko ni Uingereza, na mama wa Kiingereza si mama wa Ugogo. Sidai kwamba mambo yote ni sawasawa. Lakini somo moja lavuka bahari bila kulowa: ukimya wa mtoto darasani si ushahidi kwamba hana la kusema. Mtoto wa mbuzi wawili alisema. Baada ya siku kadhaa za kukalishwa chini, atakapoinamisha kichwa mbele ya mgeni, mgeni ataandika katika ripoti yake kwamba watoto wa kijiji kile wana upungufu wa lugha.

Lipo pia suala la lugha ya nyumbani. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na mtoto wa Shinyanga au wa Kigoma vijijini huenda akaingia darasa la awali akiwa na Kisukuma au Kiha tele kinywani, na Kiswahili kidogo. Mimi ni mpenzi wa Kiswahili na sitetei kukipunguzia hadhi. Naona hata hivyo kwamba mwalimu anayemkatisha mtoto kwa sababu ametaja kitu kwa lugha ya mama yake hamwongezei Kiswahili, bali humpunguzia usemi. Mwalimu mwerevu hulipokea neno la mtoto, akalirudisha kwa Kiswahili kana kwamba anaendeleza maongezi tu, na mtoto akaondoka na maneno mawili. Kwa njia hiyo ndivyo Kiswahili chenyewe kilivyoenea masokoni na njiani kwa miaka mingi, kwa watu kuzungumziana haja zao, si kwa viboko.

Balaa kubwa zaidi iko mijini, nayo imevaa sare nzuri. Nazungumzia shule za awali za kulipia, ambamo mtoto aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili hukatazwa kukitumia tangu anapoingia langoni. Mzazi hulipa ada kubwa, na baada ya miezi mitatu huwaita majirani wamsikilize mwanawe akitaja siku za juma kwa Kiingereza. Majirani hustaajabu. Hakuna anayeuliza kama mtoto huyo ana mtu wa kumsimulia jambo lililompata Jumatano. Kwa muda wa saa tano kila siku amewekwa mahali ambapo lugha anayoiweza hairuhusiwi, na lugha inayoruhusiwa haiwezi. Tumewahi kuwalaumu wakoloni kwa jambo dogo kuliko hili.

Mtetezi wa tatu ni yule ambaye siwezi kumdharau, naye ni mwalimu mwenyewe. Husema: "Mwandishi, wewe ulikaa nyuma ya darasa saa mbili ukaondoka. Mimi ninao 80 kila siku. Nikizungumza na kila mmoja dakika tatu, siku imekwisha." Hesabu yake ni sahihi. Naye yuko sahihi pia anaposema kwamba wazazi na wakaguzi watampima kwa KKK, si kwa mazungumzo. Nina majibu mawili kwake, na jibu moja kwa wakubwa wake.

Kwanza, mazungumzo hayahitaji kugawanywa kama sukari ya duka la kaya. Hayahitaji kila mtoto kila siku. Siku ya shule ina nyakati nyingi ambazo sasa zinapotea: watoto wanapofika mmoja mmoja asubuhi, wanapongoja uji, wanaponawa mikono, wanapochimba mchanga nje. Mwalimu akiamua kwamba leo atakaa na watoto sita wakati wa uji, na kesho sita wengine, akawauliza jambo asilolijua jibu lake, katika wiki tatu hivi atakuwa amewafikia wote 80. Nasisitiza maneno hayo: jambo asilolijua jibu lake. Kumwuliza mtoto "Hii ni rangi gani?" huku wote wawili mnaiona, si mazungumzo, ni mtihani. Kumwuliza "Jana mvua ilipokuja mlikuwa wapi?" ni mazungumzo, maana mtoto ndiye mwenye habari.

Pili, iko nidhamu ndogo ambayo haigharimu senti, nayo ni kungoja. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu walingoja baada ya kuuliza swali. Kwa wastani ulikuwa kama sekunde 1 tu, kisha mwalimu akauliza tena, akajibu mwenyewe au akamgeukia mwingine. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 na zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao. Sekunde tatu! Mtoto anayetafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya jambo aliloliona kwa Kigogo anahitaji hata zaidi. Wazee wetu waliozoea kunyamaza kidogo barazani kabla ya kumjibu mtu, hawangehitaji utafiti kuwaeleza hili.

Ama kwa wakubwa wa mwalimu yule, jibu langu ni fupi. Msitumie uwezo wake wa kuituliza hadhara ya watoto 100 kuwa ushahidi kwamba mwalimu wa ziada hahitajiki. Na msipeleke katika darasa la awali mwalimu aliyeshindikana Darasa la Sita, au aliyebakiza miezi michache astaafu, kwa dhana kwamba watoto wadogo hawana kazi. Kazi yao ni ngumu kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi wa sekondari akinyamazishwa huweza kuisoma hasira yake kitabuni, lakini mtoto wa miaka 5 hana kitabu bado. Ana mdomo tu.

Kuhusu KKK nina neno moja kwa wazazi. Kusoma ni kukutana na maneno yaliyoandikwa ambayo msomaji anayajua kwa sikio. Mtoto asiyepata kusimulia hadithi yenye mwanzo na mwisho atazitamka silabi zote za ukurasa bila kosa, kisha umwulize amesoma nini, akutazame. Watoto wa namna hiyo tunao hadi madarasa ya juu, na walimu wa sekondari wasomao makala hii wanawafahamu kwa majina. Wanalalamika kila mwaka kwamba wanafunzi hawachangii darasani, hawaulizi, hawawezi kujieleza katika insha. Walimu hao wanavuna shamba ambalo hawakulipanda wao.

Nawageukia vijana walio katika sekondari leo, ambao baadhi yao watakwenda vyuo vya ualimu. Mtakapofika huko mtafundishwa kutengeneza zana: kadi za herufi, vifuniko vya chupa vya kuhesabia, picha za wanyama. Ni mambo mema. Lakini sijaona chuo kinachomtahini mwanafunzi wake juu ya jambo la msingi kuliko hayo. Napendekeza mtihani huo, nao ni rahisi. Kila mwanafunzi wa ualimu wa awali, kabla ya kupewa cheti, akae na mtoto mmoja wa miaka 5 kwa robo saa. Yanayosemwa yanaswe, kisha yaandikwe karatasini neno kwa neno, ya mwalimu upande mmoja na ya mtoto upande mwingine. Mtahini asome kwanza upande wa mtoto. Ukiwa na maneno "ndiyo", "hapana" na "mbili" peke yake, mwanafunzi huyo arudishiwe karatasi yake, ajaribu tena muhula ujao.